Mchezo wa Kuigiza: Toka Uwanja wa Ngoma Hata Jukwaa la Shule

Waalimu kadha wa bonde la Kilombero wametuuliza neno moja kwa namna mbalimbali: Je, mchezo wa kuigiza ni kitu chetu, au ni kitu kilichokuja na shule? Wengine hudhani kwamba kabla ya kuja kitabu watu walikuwa na ngoma na hadithi tu, na kwamba kuigiza kulianza siku mtoto wa shule alipovikwa shuka jeupe akaambiwa awe malaika wa Noeli. Wengine hukana, lakini wakitakiwa ushahidi hunyamaza. Swali hili si la upuuzi. Mwalimu adhaniye kwamba jambo ni la kigeni atalifundisha kama ageni, na wanafunzi wake watajifunza kuona haya kwa yale waliyoyaona nyumbani. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza, kwa kadiri ya nafasi yetu, njia uliyopita mchezo wa kuigiza katika nchi hii. Na kwa kuwa jambo la karibu huonekana vema likisimamishwa kando ya jambo la mbali, tutaanza kwa kutazama kidogo nchi ya China, ambako njia hiyo ni ndefu sana na imeandikwa zamani.

I. Juu ya neno lenyewe

Kwanza tutazame lugha. Siku hizi vitabu vya shule hutumia neno tamthilia, lenye asili ya Kiarabu, nalo ni jamaa ya neno mithali: maana yake ni jambo linaloonyeshwa kwa mfano. Wengine husema igizo au maigizo, kutoka kuiga, yaani kufanya kama mwingine afanyavyo. Lakini neno linalotoka kinywani mwa watu wasiosoma vitabu ni mchezo. Watu husema, "Leo shuleni kuna mchezo," na kila mmoja hujua kwamba hakuna mpira.

Neno mchezo lina upana wa ajabu. Mtoto hucheza na mwenzake, mpira huchezwa, na ngoma pia huchezwa. Tusemapo, "Mcheza kwao hutuzwa," twamtaja mcheza ngoma mbele ya jamaa zake, naye hucheza kwa miguu, kwa mikono, kwa uso na kwa wimbo pamoja. Basi lugha yenyewe yatuonyesha kwamba mababu zetu hawakuweka ukuta kati ya ngoma, mzaha na kuigiza. Kwa Wachina ni vivyo hivyo. Neno lao xi ni mchezo wa kujifurahisha, tena ni mzaha, tena ni mchezo wa jukwaani. Zamani za ukoo wa Han, ulioanza kutawala miaka 200 hivi kabla ya Kristo, waliita maonyesho yao baixi, maana yake "michezo mia": watu kupindua miili, kupigana mieleka, kucheza na kuiga wanyama, yote katika uwanja mmoja.

II. Mfano wa nchi ya China

Wachina huhesabu historia yao kwa koo za wafalme, na kila ukoo uliuacha mchezo katika hali nyingine. Katika enzi ya Tang, Mfalme Xuanzong, aliyetawala tangu mwaka 712 hata 756, aliwakusanya wapigaji ngoma, waimbaji na wachezaji katika mahali palipoitwa Bustani ya Mipeasi; na hata leo wachezaji wa China huitwa wanafunzi wa bustani hiyo. Zamani zile palikuwa na vichekesho vifupi vya watu wawili, mmoja akimdhihaki mkubwa mpumbavu, na mwingine akimjibu. Katika enzi ya Song, wakati wa karne ya 12, kusini katika nchi ya Wenzhou pakatokea michezo mirefu yenye kisa kimoja tangu mwanzo hata mwisho, nayo iliimbwa.

Kisha yakatokea mambo yanayostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Wamongolia waliiteka China wakaanzisha enzi ya Yuan, tangu mwaka 1271 hata 1368. Mitihani mikubwa ya serikali, ambayo kwayo wasomi walipata vyeo, ilisimamishwa, wala haikurudishwa mpaka mwaka 1315. Wasomi wengi wakawa hawana kazi ya kuwafaa. Baadhi yao wakashuka sokoni, wakakaa na wachezaji, wakawaandikia michezo. Ndipo elimu ya kitabu ilipokutana na nguvu ya uwanja, na michezo ya enzi ile ikawa bora kupita yote iliyoitangulia. Guan Hanqing aliandika habari za Dou E, mjane kijana aliyehukumiwa kufa kwa kosa asilolitenda, hata theluji ikaanguka katikati ya majira ya joto kuushuhudia uonevu ule. Msomi aliyenyimwa haki aliweza kumwandika mjane aliyenyimwa haki.

Katika enzi ya Ming, tangu 1368 hata 1644, mchezo ukapanda tena majumbani mwa matajiri. Muziki wa Kunshan, uitwao kunqu, ukawa mlaini na wa kitaalamu, na mwaka 1598 Tang Xianzu akamaliza kisa chake cha Banda la Mpeoni, chenye sehemu 55. Yeye alikufa mwaka 1616, mwaka ule ule aliokufa Shakespeare, wala hakuna aliyepata kusikia habari za mwenzake. Mwisho katika enzi ya Qing, mwaka 1790, vikundi vya wachezaji wa nchi ya Anhui vilianza kuja Beijing kwa sherehe ya Mfalme Qianlong kutimiza miaka 80. Kwa kuchanganya nyimbo zao na za wengine ulizaliwa mchezo wa Beijing, ambao wachezaji wake hujulikana kwa aina zao: mwanamume, mwanamke, mwenye uso wa rangi, na mcheshi.

Katika habari hizi zote twaona mambo matatu. La kwanza, mchezo haukuanza katika kitabu. Kitabu kiliukuta tayari. La pili, mabadiliko ya utawala huusukuma mchezo huku na huku, lakini hayauzimi. La tatu, katika enzi zote wimbo haukutoka. Mchezo usio na wimbo ulikuja China kutoka nje, mwanzoni mwa karne ya 20. Basi tuchukue mambo haya matatu kama fimbo ya kupimia, tuipime nchi yetu.

III. Mashina ya mchezo kwetu

Nchi yetu haikuwa na koo za wafalme waliotawala pwani na bara pamoja, wala waandishi wa kuandika michezo ya bonde hili katika karne ya 12. Lakini mashina yalikuwapo, na baadhi yake yangali yanaonekana.

Shina la kwanza ni utani. Kila msomaji wetu aliyepata kuhudhuria mazishi ya watu wa mkoa wa Morogoro ameona. Jamaa wanalia, maiti yumo ndani, na mara mtani anatokea amevaa kanzu ya marehemu. Anatembea kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kwa kikohozi chake, anawakaripia wajukuu kwa maneno aliyozoea kuyasema. Pengine hujilaza kaburini, akataka fedha kabla ya kutoka. Waombolezaji hucheka katikati ya machozi. Mgeni huona utovu wa adabu. Bali mwenyeji hujua kwamba mtani pekee ndiye aliyepewa ruhusa ya kufanya hivi, na kwamba asipofika watu huona upungufu. Hapa pana mchezaji, pana vazi, pana sauti iliyoigwa, pana watazamaji, na pana kazi ya kutenda, yaani kuwapa wafiwa nafasi ya kupumua. Kama hiki si mchezo wa kuigiza, hatujui ni kitu gani.

Shina la pili ni mafundisho ya jando na unyago, ambamo mambo ya maisha hayafundishwi kwa maneno matupu, bali kwa nyimbo, kwa sanamu na kwa kuonyeshwa kwa mwili. Shina la tatu ni hadithi. Msimulizi hodari hasemi tu kwamba fisi alikwenda: yeye mwenyewe huchechemea, hubadili sauti, na wasikilizaji huitikia wimbo ulio ndani ya hadithi. Shina la nne ni ngoma zenyewe, kama vile sangula, ijulikanayo sana katika nchi ya Mahenge na bonde la Kilombero.

Tena tushukuru kwamba baadhi ya desturi za bonde ziliandikwa mapema. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alitangaza habari za uwindaji wa Wandamba, na mwaka 1935 A. T. Culwick na mkewe walitoa kitabu juu ya Wabena wa mito, ambamo Mtema Towegale Kiwanga alishiriki. Kazi hizi zina thamani kubwa. Walakini mwenye kuzisoma atakumbuka kwamba karatasi haina mwendo wala sauti.

IV. Enzi ya Wajeremani, na ngoma ya beni

Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa na Wajeremani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kumtangulia. Mwezi ule ule wa Agosti vita vilifika Ifakara, na tarehe 30 Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge, wakaanguka wengi mbele ya bunduki za mtombo. Si watu wote wa bonde waliokunywa maji. Wabena wa Kiwanga walisimama upande wa Wajeremani. Hata vita vilipokwisha mwaka 1907, mashamba yalikuwa yameteketezwa, na njaa iliua watu kuliko risasi. Wajeremani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa, na wataalamu wa historia wamesema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi sana. Tumeyataja haya kwa sababu mchezo mkuu wa Kiswahili, ambao tutauzungumza mbele, umetoka katika vita hivi, na bonde letu lilikuwamo.

Katika siku zile zile ngoma ya beni ilikuwa ikienea. Ilianza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, nayo iliiga bendi ya askari wa Kizungu: tarumbeta, ngoma kubwa, mavazi ya kijeshi na mwendo wa gwaride. Watu waligawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, wakashindana. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Katika vita vya 1914 hata 1918 askari na wapagazi waliichukua bara, na wengi wao walipita nchi ya Mahenge, iliyotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Oktoba 1917.

Wakubwa wengi wa wakati ule waliidharau beni kuwa ni kuiga Wazungu tu. Sisi twaiona kwa jicho jingine. Mtu asiyeruhusiwa kuwa hata karani aliweza kuvaa nyota za jenerali, akatoa amri, akatiiwa, hata jua lilipokuchwa. Je, si jambo lile lile la msomi wa Yuan aliyenyimwa cheo akakitafuta katika mchezo? Tofauti ni kwamba huyu wa kwetu hakuwa na mwandishi. Kwa hiyo yaliyosemwa uwanjani mengi yamepotea.

V. Enzi ya Waingereza, misioni na shule

Hapa yatupasa kusema juu ya nyumba yetu wenyewe, na kusema kweli. Misioni nyingi zilikataza ngoma. Sababu zao hazikuwa bure zote, maana palikuwa na ngoma zilizowatia wazazi hofu. Lakini waliokataza mara nyingi hawakuchagua, walikataza zote. Wachache walichagua. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliifanya jando ya Wakristo, akiyaacha yaliyofaa ya wenyeji na kuyatia mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa nchi za misioni uheshimiwe na kupewa nafasi yake. Ngoma iliyofukuzwa mlangoni ikarudi kwa mlango wa kanisa.

Huko shuleni mchezo wa Kizungu uliingia kwa njia mbili. Njia moja ilikuwa ile ya michezo ya dini, hasa Noeli na Pasaka. Njia nyingine ilikuwa ile ya michezo ya Kiingereza, iliyofundishwa katika shule kubwa pamoja na Shakespeare. Kando yake kilikua kichekesho: kipande kifupi cha kuchekesha kisichoandikwa, ambacho wachezaji huafikiana kisa chake, kisha hujitungia maneno papo hapo. Aghalabu kilimdhihaki mshamba aliyefika mjini, au mtumishi asiyefahamu lugha ya bwana wake. Kilipendwa sana, lakini kilikuwa na kasoro: kilimfundisha mtoto wa shule kumcheka babaye.

Tena katika miaka ile waandishi walianza kuandika michezo kwa Kiswahili. Huko Kenya ilipigwa chapa mwaka 1957 michezo ya Graham Hyslop, kama vile Afadhali Mchawi, na mchezo wa Henry Kuria, Nakupenda, Lakini. Ni michezo mifupi na myepesi. Lakini kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika jukwaa lililoandikwa.

VI. Baada ya uhuru

Tarehe 10 Desemba 1962, alipokuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alihuzunika mbele ya Bunge kwamba watu walikuwa wamefundishwa kudharau ngoma zao na kuzisifu za wengine, akatangaza wizara ya kuushughulikia utamaduni wa taifa. Mwaka uliofuata, 1963, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitolewa, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Wengine waliona mambo haya mawili hayapatani. Sisi twaona yanapatana. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo wowote. Na mwenye kujua thamani ya chake haogopi kukichukua cha jirani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana yanayosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya watazamaji. Ngonjera iliingia katika shule zote, na hata leo hakuna sikukuu ya shule bila hiyo. Ndani yake wimbo, shairi na kuigiza vimekaa pamoja, ingawa mara nyingi mafundisho yake huwa mazito kuliko mchezo wenyewe. Mwaka huo huo wa 1967 masomo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Kisha mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Mwenyewe aliwaonya wasomaji kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia; ametumia jina na kisa ili kufikiri. Katika mchezo Kinjeketile anatoka majini amepagawa, analeta maji na ahadi ya umoja. Baadaye, akili imemrudia, anapata kuyafikiri maneno aliyoyasema, ya kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye anashikwa na hofu: je, amewaongoza kwenye uhuru, au kwenye bwana mwingine? Lakini neno limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Hawezi kulirudisha. Mwisho, akiwa mikononi mwa Wajeremani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu akikana, hao waliokufa na hao watakaozaliwa watapokonywa kile walichokipigania.

Mwalimu wa Ifakara afundishaye mchezo huu yuko katika hali asiyokuwa nayo mwalimu wa nchi nyingine. Watoto walioketi mbele yake ni vitukuu vya watu walioyanywa maji yale, na wengine ni vitukuu vya hao waliosimama upande wa pili. Kwake neno hili si fasihi tu. Kwa hiyo yampasa kutenga kwa uangalifu historia na mchezo, na kuwaeleza watoto kwa nini mwandishi aliyageuza mambo.

Baada ya Kinjeketile waandishi walianza kurudi mashinani. Hussein mwenyewe, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, vilivyotoka pamoja mwaka 1976, alishika namna ya msimulizi wa hadithi. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika mkoa huu wetu wa Morogoro, alianza na Hatia mwaka 1972, mchezo wenye sura ya Kizungu; lakini katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 alimweka msimulizi jukwaani, na kisa chenyewe ni mfano: wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami kwa kuwa hawavuti pamoja. Katika miaka hiyo hiyo yeye na wenzake walikwenda kwa wanavijiji, kama huko Malya katika mkoa wa Mwanza, wakawaacha wenyeji wachague shida yao na kuionyesha kwa ngoma zao wenyewe.

Serikali nayo iliunda vikundi vya taifa: cha ngoma, cha sarakasi, na baadaye cha michezo ya kuigiza. Hapo ndipo China ilipotugusa. Vijana wa Tanzania walikwenda China kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa. Mwaka uliofuata ilianza kazi ya reli ya TAZARA, ambayo Wachina waliijenga pamoja na watu wetu, nayo inapita bondeni kwetu kwa Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Wazee wengi huikumbuka reli. Wachache hujua kwamba kupindua mwili kulikoonyeshwa viwanjani mwetu ni tawi la ile "michezo mia" ya zamani za Han. Vikundi vile vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

VII. Kosa la kuepukwa

Sasa turudi kwenye lile jambo la tatu, yaani wimbo. Maana hapa ndipo neno letu lilipo.

Mwaka 1735 mchezo wa kwanza wa Kichina ulipigwa chapa katika Ulaya kwa Kifaransa. Mfasiri wake alikuwa mmisionari, Padre Joseph de Prémare wa Shirika la Yesu, mtu aliyekijua Kichina kuliko Wazungu karibu wote wa siku zake. Mchezo ulikuwa Yatima wa Zhao, wa enzi ya Yuan, na Voltaire aliutumia kutunga mchezo wake ulioonyeshwa Paris mwaka 1755. Lakini Padre Prémare aliziacha nyimbo. Aliziona ngumu mno kwa wageni. Basi mahali pa wimbo aliandika tu kwamba hapa mchezaji anaimba. Wasomaji wa Ulaya wakapata kisa, wakakisifu au kukilaumu, wasijue kwamba moyo wa mchezo umebaki China. Kwa Mchina wa enzi ile, maneno ya kawaida ndiyo yanayoufikisha mchezo kwenye wimbo, na katika wimbo ndimo mtu anamofungua yaliyomo ndani yake.

Tusimcheke Padre. Sisi tumefanya vivyo hivyo, na bila udhuru wake. Tulihudhuria sikukuu katika shule moja ya bonde hili, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Wanafunzi walionyesha sehemu za Kinjeketile. Mwalimu alikuwa amekusudia kutia ngoma na maombolezo ya wenyeji katikati, naye alikuwa ameyaomba kwa bibi wawili wa jirani. Lakini saa zilikuwa chache, wageni walikuwa na hotuba zao, akayaondoa. Wanafunzi walisema maneno yao vizuri. Walianguka kwa bunduki vizuri. Watu wakapiga makofi. Ndipo mmoja wa wale bibi, aliyekuwa ameketi karibu nasi, akageuka akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hawa mbona wamekufa wala hakuna aliyewalilia?"

Hatukuwa na jibu. Mwalimu, alipoambiwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye alidhani wimbo ni pambo. Jambo hili limetukaa moyoni. Kwa yule bibi wimbo haukuwa pambo, bali ndio uliofanya kifo kuwa kifo cha mtu.

VIII. Yafaayo kufanywa

Kwa hiyo twawashauri waalimu na mapadre mambo machache, yote yaliyo katika uwezo wao.

Kwanza, mchezo wa shule ukiandaliwa, wazee waitwe mapema, wala wasiitwe siku ya mwisho kuwa watazamaji. Waulizwe: mtu wa namna hii angeingiaje? Angesalimu vipi? Watu wangeimba nini? Mzee atamrekebisha mtoto mwendo wa mwindaji kwa dakika moja, jambo ambalo kitabu hakiwezi.

Pili, desturi zikiandikwa, yaandikwe yote matatu: maneno, wimbo na tendo. Zamani mwandishi alikuwa na kalamu tu. Leo simu ndogo ya mfukoni hushika sauti na sura. Mwanafunzi mmoja akamwombe ruhusa nyanya yake, aishike sauti yake. Mwingine aandike maneno kwa lugha ya kwao, Kipogoro, Kindamba, Kibena au Kimbunga, na tafsiri ya Kiswahili kando yake. Na jina la ngoma, mahali na mwaka visisahauliwe. Lakini mambo ya siri ya jando na unyago yasichukuliwe bila idhini ya wenyewe, maana si kila mchezo ulichezwa ili utazamwe na kila mtu.

Tatu, utani usionewe haya. Tunajua kwamba vijana wengi wa mijini sasa hawajui watani wao ni nani, na katika mazishi mtani asiyejua kazi yake huomba fedha tu, asiigize lolote. Hapo mchezo umekufa ikabaki kodi. Yafaa waalimu wawaulize wanafunzi darasani: Mtani wako ni nani? Anaruhusiwa kufanya nini? Ni nini asiloruhusiwa?

Nne, kasoro ya kichekesho irekebishwe. Kucheka ni kwema, na Wachina hawakupata kumfukuza mcheshi jukwaani. Lakini mcheshi wao alimcheka mkubwa mjinga, na mtani wetu humcheka kila mtu akiwamo mkubwa. Mchezo unaomcheka mnyonge peke yake hauna asili kwetu.

Sasa twaweza kujibu lile swali la mwanzo. Mchezo wa kuigiza ni wetu. Shule haikuuleta, iliuletea karatasi, jukwaa na taa, nasi twashukuru kwa vitu hivyo. Hatukuwa na enzi za wafalme wa kuzihesabu, lakini tumekuwa na enzi zetu, za Wajeremani, za Waingereza na za uhuru, na kila moja iliusukuma mchezo upande wake.

Hapa Kivukoni, kwa miaka mingi, kila aliyekwenda Mahenge alivuka mto kwa kivuko, hata daraja kubwa la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018. Hakuna anayetamani kuvirudia vivuko, vilivyowachelewesha wagonjwa na kuzama na watu. Lakini nyimbo walizoimba wapiga makasia wa mitumbwi ya zamani hazikuhitaji kuachwa pamoja na makasia yao. Wako wanaozikumbuka bado. Yule bibi wa sikukuu ni mmoja wao, na mwaka huu mwalimu yule amekwenda kwake mapema, miezi miwili kabla ya siku ya mchezo, akaketi, akauliza.